Ati Sisi Ni Wakaidi wa Dawa!



Mwezi uliopita, saa ya chakula cha mchana, tulikusanywa kazini kusikiliza mafundisho ya afya. Akasimama bwana mmoja mwenye kitambulisho shingoni akatuambia kwamba wafanyakazi wa Nairobi wanakufa kwa ugonjwa wa moyo kwa sababu ya ukaidi. Ati hospitali inatupa dawa, sisi tunarudi nyumbani na kuzitupa chini ya kitanda. Maneno hayo aliyasema mara mbili, kisha akanywa maji yake ya chupa, akaingia katika motokaa, akaenda zake. Nafasi ya kumjibu hatukupewa. Basi twamjibu hapa, katika karatasi yetu wenyewe, na kama yuko mwanachama amjuaye, tafadhali ampelekee nakala moja.

Kwanza tueleze habari za mwenzetu mmoja wa karakana. Jina lake hatulitaji, mwenyewe ametuomba hivyo, na hospitali hatuitaji vilevile, maana jambo lenyewe si la nyumba moja. Ni fundi wa miaka mingi, umri wake 48, ana watoto wanne, na jioni hupanda gari la Kikuyu, akashuka stesheni ya Dagoretti na kutembea mpaka nyumbani Waithaka. Kabla ya mvua za masika za mwaka jana alianza kusimama njiani mara tatu, mara nne, akijifanya anafunga kamba za viatu. Kisha viatu vyenyewe vikakataa kuingia. Usiku alilala ameegemea mito mitatu kama mtu anayesubiri gari. Tulimcheka kwamba amenenepa. Kumbe ni maji. Moyo ulikuwa umeshindwa kazi.

Alilazwa siku tisa. Hapo hatuna neno: alichomwa sindano za kutoa maji, akakojoa usiku na mchana, miguu ikarudi miguu ya mtu, na masista wakamtunza vizuri ingawa wodi ilikuwa imejaa. Taabu ilianza siku ya kutoka. Alipewa karatasi yenye dawa tano. Kwenye kidirisha cha dawa wakampa mbili, wakapiga mhuri juu ya zile tatu: hazipo, nunua nje. Akaenda kwa kemisti karibu na stendi ya matatu, akanunua za siku kumi, maana ndizo pesa alizokuwa nazo baada ya kukomboa mwili wake kwa malipo ya kitanda. Nyumbani palikuwa na tembe nyingine alizokuwa ameandikiwa zamani kidogo na daktari wa mtaani. Hakuna aliyemwambia aache zile. Basi akameza hizi na zile, kama alivyoandikiwa, bila kukosa hata siku moja.

Baada ya wiki mbili akawa hana nguvu, misuli ya miguu inamkaza, moyo unarukaruka kama gurudumu lililopasuka. Akaanguka karakana, hatua mbili kutoka kwenye mashine inayozunguka. Kule hospitalini alikorudishwa, kijana mmoja wa zamu, ambaye tunamshukuru mpaka leo, alifanya jambo ambalo hakuna aliyekuwa amelifanya: akamwambia mkewe alete mfuko wote wa dawa kutoka nyumbani, akaumwaga juu ya meza. Akachukua pakiti mbili, moja imeandikwa furosemide, nyingine imeandikwa Lasix. Akauliza, "Mzee, hizi zote unameza?" Akajibiwa ndiyo. Ni dawa moja! Jina la kwanza ni la dawa yenyewe, la pili ni jina la biashara. Mwenzetu alikuwa anameza dawa ya kutoa maji mara mbili ya kipimo, na pamoja na maji ilitoka chumvi ya potasiamu ambayo moyo hauwezi kupiga sawasawa bila hiyo.

Twamuuliza bwana wa kitambulisho: mkaidi ni nani hapo? Huyu mtu alitii mno. Angekuwa mkaidi kidogo, asingeanguka.

Sisi wa reli tunajua kitu kimoja kuhusu karatasi. Dereva hapewi amri ya njia akaambiwa tu nenda. Huisoma, huirudia kwa mdomo, mwenye kuitoa husikia kwamba imeeleweka, ndipo gari linaondoka. Watu walikufa hapo zamani ndipo desturi hiyo ikawekwa. Je, mgonjwa wa moyo hupewaje amri yake? Hupewa karatasi ya Kiingereza yenye OD, BD na TDS, ambayo hata Kiingereza si Kiingereza, ni vifupi vya Kilatini, lugha ya misa ya zamani. Sisi tuliosoma shule za misheni tuliisikia kanisani na hatukuielewa, sasa twakutana nayo kwenye pakiti ya dawa. OD ni mara moja kwa siku. BD ni mara mbili. TDS ni mara tatu. Je, ni taabu gani kuandika "mara mbili kwa siku, asubuhi na saa nane mchana"? Wino ni uleule.

Na saa zenyewe ni jambo kubwa kuliko wakubwa wanavyodhani. Dawa ya kutoa maji ukiimeza, kwa muda wa saa chache unakwenda choo tena na tena. Daktari anaandika "asubuhi" kwa sababu anafikiri mgonjwa analala usiku na kukaa nyumbani mchana. Dereva aliye ndani ya injini, atakwenda choo wapi kati ya Kibera na Kikuyu? Mlinzi wa geti la reli, ataacha geti amwachie nani? Kondakta, askari wa usiku, mama anayefagia stesheni akiwa na funguo moja ya choo iliyo kwa bwana mkubwa? Basi siku ya kazi haimezi. Siku ya mapumziko anameza. Wiki nzima hivyo, na maji yanarudi mapafuni taratibu. Huo ndio unaoitwa ukaidi. Lakini mfamasia mmoja tuliyemuuliza alitueleza kwamba kwa wagonjwa wengi saa ya dawa hiyo yaweza kusogezwa ilingane na zamu, mradi daktari aulizwe na akubali. Neno moja tu lilihitajika: "Unafanya kazi gani, na saa ngapi?" Katika wenzetu sita tuliozungumza nao, hakuna aliyekumbuka kuulizwa neno hilo.

Tusije tukaambiwa kwamba ugonjwa huu ni wa matajiri wenye matumbo. Mwaka 2012 ulitolewa uchunguzi mkubwa wa wagonjwa 1,006 waliolazwa kwa moyo kushindwa kazi, katika hospitali 12 za nchi tisa za Afrika, Kenya ikiwamo. Umri wao wa wastani ulikuwa miaka 52. Huko Ulaya ugonjwa huo huwapata zaidi wazee waliokwisha kustaafu. Hapa unampata mtu akiwa bado na karo ya kulipa. Ile mishipa ya moyo kuziba kwa mafuta, inayosemwa sana kwenye redio, ilikuwa chanzo kwa wasiofika wanane katika mia. Chanzo kikubwa kilikuwa presha ya damu, karibu nusu yao. Tena kulikuwa na wale ambao valvu za moyo ziliharibika tangu utotoni kwa ugonjwa unaoanza na koo tu, koo la mtoto lisilotibiwa. Na katika miezi sita, karibu 18 katika kila mia walikuwa wamekufa. Hesabu hiyo ni ya watu waliofika hospitalini! Waliokufa Kawangware na Kangemi wakidhaniwa wana pumu hawamo.

Presha haina kelele. Uchunguzi wa taifa wa mwaka 2015 ulikuta karibu watu 24 katika mia, katika watu wazima wa Kenya, wana presha ya juu, na zaidi ya nusu ya watu wazima hawajapimwa hata mara moja maishani. Kichwa cha treni hupimwa kabla ya kutoka shedi. Anayekiendesha hapimwi mpaka aanguke.

Sasa twaja kwenye dawa zenyewe, maana tumechoka kuambiwa kwamba ni ghali na ni za kizungu sana hata hatuwezi kuzielewa. Dawa za moyo nyingi ni kongwe. Digoxin imetokana na jani ambalo daktari Mwingereza William Withering aliandika habari zake mwaka 1785. Furosemide ni ya miaka ya 1960. Enalapril ilipimwa kwa wagonjwa mahututi wa moyo huko Skandinavia, na mwaka 1987 ikajulikana wazi kwamba inapunguza vifo. Spironolactone, tembe ndogo ya zamani, mwaka 1999 ilionekana kupunguza vifo kwa karibu 30 katika mia kwa wale waliozidiwa. Haki za wavumbuzi zimekwisha muda wake zamani, kiwanda chochote chenye ruhusa chaweza kuzitengeneza, na viwanda vya dawa vimo hapa hapa Nairobi. Baadhi yetu tunapanga nyumba na watu wanaofanya kazi humo. Shirika la Afya la Dunia liliandika orodha yake ya kwanza ya dawa za lazima mwaka 1977, na orodha ya Kenya nayo inazo dawa za moyo. Dawa ya lazima maana yake ni nini, kama kidirishani haipo? Chakula cha lazima kikikosekana huitwa njaa, na Serikali hutangaza. Dawa ya lazima ikikosekana hupigwa mhuri.

Tena si kweli kwamba dawa yoyote iliyopo inatosha. Mwaka 2019 yalitolewa matokeo ya uchunguzi uliofanywa kwa Waafrika 728 wenye presha katika nchi sita, Kenya ikiwa moja. Walipewa dawa mbilimbili pamoja. Wale waliopewa amlodipine pamoja na dawa ya pili walishuka presha vizuri kuliko wale waliopewa mchanganyiko usio na amlodipine. Wenzetu walitoa miili yao wapimwe ili ijulikane dawa ipi inamfaa mtu wa huku. Leo mgonjwa anafika kidirishani, anaambiwa ile haipo, chukua hii. Mwezi ujao hii nayo haipo, chukua ile ya juzi. Damu yake haijui kalenda ya bohari.

Na kuna hili la kipimo, ambalo twaomba kila msomaji alisome mara mbili. Dawa nyingine za moyo, kama carvedilol na bisoprolol, huanzishwa kwa kipimo kidogo sana, maana ukianza na kikubwa moyo mgonjwa utalemewa. Kisha hupandishwa polepole, wiki baada ya wiki, mpaka kufika kipimo chenye kufanya kazi. Ndivyo inavyotakiwa. Lakini mgonjwa akirudi kliniki anakuta daktari mwingine, foleni ni ndefu, karatasi ya zamani inanakiliwa kama ilivyo, "endelea na dawa zako." Mwaka mzima mtu anabaki kwenye kipimo cha kuanzia. Ni kama dereva aliyeambiwa aondoke stesheni kwa mwendo wa kutembea, kisha pasitokee mtu wa kumwambia aongeze. Atafika lini? Mwenzetu mwingine, wa genge la njia, ameonyesha kamati vyeti vyake vya miezi 14. Kipimo ni kilekile, hata kosa la tahajia katika jina la dawa ni lilelile, limenakiliwa mara 14.

Ile ya kuzuia damu isigande, warfarin, ndiyo yenye hila kuliko zote. Ikizidi, unatoka damu. Ikipungua, damu inaganda na kukupiga kiharusi. Lazima damu ipimwe mara kwa mara, kipimo kiitwacho INR, na kwa wagonjwa wengi hutakiwa kikae kati ya 2 na 3. Wako wanaodhani kwamba ni dawa ya maskini tu na kwamba mwenye pesa anunue mpya. Lakini mwaka 2022 ilionekana, kwa wagonjwa zaidi ya 4,500 wenye valvu zilizoharibika kwa ugonjwa ule wa koo na mapigo yasiyo sawa, kwamba warfarin ya zamani iliwaokoa wengi kuliko rivaroxaban ambayo ni mpya. Basi ni dawa nzuri, lakini inataka kupimwa. Na kipimo mtu analipa, nauli analipa, siku ya kazi anapoteza. Tena wanawake wetu wanaambiwa, "Mzee asile sukuma wiki." Nairobi hii mtu asile sukuma wiki, ale nini? Nyama choma kila siku? Ukweli, kama ulivyoelezwa na mfamasia yule, ni kwamba mboga za majani zina kitu kinachopingana na warfarin, kwa hiyo neno si kuacha mboga, bali kula kiasi kilekile wiki zote, wasile nyingi wiki moja na wiki nyingine wasile kabisa, ndipo kipimo cha dawa kiwekwe kulingana na chakula hicho. Hayo yangeelezwa kwa dakika tatu. Mama mmoja wa Riruta amempikia mumewe kabichi nyeupe kwa miezi mitano huku akilia, akidhani sukuma ndiyo iliyomwua shemeji yake.

Sasa pesa. Tangu tarehe 1 Oktoba 2024 tunakatwa 2.75 katika kila mia ya mshahara wote kwa bima mpya ya afya, iliyochukua mahali pa ile ya zamani iliyoanza mwaka 1966. Mwenye mshahara wa shilingi 30,000 anakatwa shilingi 825 kila mwezi, yaani shilingi 9,900 kwa mwaka. Hatukatai kukatwa. Chama chetu hakijapinga kusaidiana, maana chama chenyewe ni kusaidiana. Sheria ya mwaka 2023 iliweka mifuko mitatu, na wa tatu ni wa dharura na magonjwa ya kudumu na mahututi. Ugonjwa wa moyo kama si wa kudumu, upi ni wa kudumu? Lakini mwenzetu anakatwa 825, kisha anatoa pesa nyingine mfukoni kwa kemisti, kwa dawa ambazo daktari wa bima hiyo hiyo amemwandikia. Amelipa mara mbili, kama yule mwanamke wa Injili aliyemaliza mali yake yote kwa waganga.

Tukimwendea mwajiri, naye ana jibu lake. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 34, inasema mwajiri ahakikishe mfanyakazi anapata dawa zifaazo wakati wa ugonjwa, na ikiwezekana matibabu akiugua sana. Ukisoma hapo utapiga makofi. Usipige bado. Chini yake kuna mlango wa nyuma: mwajiri habanwi na kifungu hicho pale ambapo matibabu yanatolewa bure na Serikali, au na bima iliyowekwa kwa sheria. Basi mwajiri anasema, nenda kwa bima. Bima inasema, nenda hospitali. Hospitali inasema, dawa hazipo, nenda kwa kemisti. Kemisti peke yake ndiye hasemi nenda. Anasema lete pesa. Huo ndio mzunguko, na wakili yeyote aone kama hilo linaitwa matibabu "yanayotolewa" ikiwa kinachotolewa ni mhuri. Sisi twasema bima isiyotoa dawa haijatoa matibabu, na mlango wa nyuma wa kifungu cha 34 hapo umefungwa. Twamtaka katibu mkuu wetu aliseme hilo mbele ya waajiri kwa maandishi. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 43, imempa kila mtu haki ya afya ya kiwango cha juu kinachowezekana. Haikusema ya wenye bima za kampuni peke yao.

Angalieni na hesabu ya siku. Kifungu cha 30 cha sheria hiyo kinampa mgonjwa, kwa uchache, siku saba zenye mshahara kamili na saba za nusu mshahara katika mwaka. Anayeitwa kliniki kila mwezi anatumia siku 12 kwa foleni peke yake. Zimebaki mbili za kuugua! Mtu wa namna hiyo akikosa kliniki, tusimwite mkaidi. Amepiga hesabu tu. Wenye virusi vya ukimwi hupewa dawa za miezi kadhaa kwa pamoja, bila malipo, karibu na nyumbani, na watu wengi mno wanaishi leo kwa sababu ya mpango huo. Twafurahi kwa ajili yao, wengine ni ndugu zetu. Twauliza tu: kama nchi imejua namna ya kufanya hivyo kwa ugonjwa mmoja, imesahau wapi kwa huu wa pili? Mgonjwa wa moyo aliyetulia, kwa nini asichukue dawa zake za miezi mitatu zahanati ya Riruta, au Kangemi, au Waithaka, mpaka apande kilima kwenda hospitali kuu kila mwezi akihema?

Hospitali hiyo kuu tunaikumbuka vizuri. Reli ilifika Nairobi mwaka 1899, na mwaka 1901 ikaanzishwa hospitali ya wenyeji yenye vitanda 40, iliyokuja kuitwa King George wa Sita mwaka 1952, na baada ya Uhuru ikapewa jina la Kenyatta. Ndugu wawili hao, reli na hospitali, wamepishana miaka miwili tu. Mzungu alikuwa na yake. Babu zetu walioumizwa na mabehewa walilala kwenye ya wenyeji. Hatukuiomba kama sadaka wakati huo na hatuiombi sasa.

Tusielewe vibaya: adui yetu si daktari wala sista. Wafanyakazi wa hospitali ni wafanyakazi. Madaktari, wafamasia na madaktari wa meno wana chama chao, na kuanzia Desemba 2016 hadi Machi 2017 waligoma siku 100 wakidai mkataba uliotiwa sahihi mwaka 2013. Wakati ule wengi wetu tuliwalaani kwa sababu wagonjwa wetu walirudishwa nyumbani, na wako waliokufa. Ilikuwa uchungu, na hatusemi haikuwa. Lakini daktari mmoja akiwa na wagonjwa wengi kupita kiasi asubuhi moja, ataulizaje zamu yako? Atamwagaje mfuko wa dawa juu ya meza? Yule kijana aliyefanya hivyo aliacha chai yake ikapoa.

Na sisi je? Hapa kamati ilibishana sana kama tuandike, tukaona tuandike. Tunayo makosa. Kuna watu wetu wanaogawana tembe za presha kama sigara, "hebu nipe moja, kichwa kinaniuma." Dawa ya mwenzako si yako. Kuna wanaoacha wakipata nafuu, na presha huwa haina nafuu unayoisikia. Lakini lililo baya kuliko yote karakana ni diclofenac. Mgongo ukiuma, mtu anakwenda kioski, ananunua tembe mbili, anameza, anarudi kwenye nyundo. Dawa hiyo na ibuprofen, kwa mtu ambaye moyo wake ni dhaifu, hushika chumvi na maji mwilini na kuumiza figo, na hupigana na zile dawa za moyo na presha anazomeza. Unaweza kukojoa maji asubuhi kwa furosemide na kuyarudisha mchana kwa diclofenac ya kioski. Mwenye moyo au presha akiumwa mgongo amwulize daktari au mfamasia kwanza, na aseme wazi dawa anazomeza. Vilevile anayeanza kukohoa kikohozi kikavu baada ya kupewa enalapril asiiache kimya kimya. Arudi aseme, maana hilo hujulikana na ipo dawa nyingine ya kubadilisha.

Tumekubaliana kudai haya, na tutayapeleka kwa mwajiri, kwa bima, na kwa wakubwa wa afya wa kaunti. Mgonjwa wa moyo asitoke wodini kabla mtu hajakaa naye, dawa zake za zamani na mpya zikiwa juu ya meza, akaambiwa kwa Kiswahili ipi ameze, ipi aache, na yeye akairudia kwa mdomo wake kama dereva arudiavyo amri. Jina la dawa liandikwe lile la dawa yenyewe, si la biashara. Kazi ya mtu na zamu yake viandikwe juu ya cheti. Kipimo cha kuanzia kiandikwe kwamba ni cha kuanzia, na tarehe ya kupandishwa. Dawa zikikosekana kidirishani, bima imlipe kemisti, si mgonjwa. Kwa mwajiri: siku za kliniki zisihesabiwe katika siku za ugonjwa, kipimo cha presha kiwekwe karakana na kila stesheni kubwa, na mtu aliyetoka wodini apewe kazi nyepesi kwa muda bila kushushwa mshahara. Hili la mwisho litapingwa kuliko yote, tunajua. Tuliambiwa hivyo hivyo kuhusu buti za kazi.

Mwenzetu wa Waithaka amerudi. Anakaa kwenye stoo ya vipuri kwa sasa, anaandika daftari, na dawa yake ya kutoa maji anameza saa anayoweza kwenda choo. Mke wake amechukua kibati cha biskuti, akakigawa kwa makaratasi, asubuhi huku, jioni kule, na ile Lasix ameipeleka kwa kemisti irudishwe. Kemisti alikataa kurudisha pesa.

Kwa kazi hii kamati inahitaji ushahidi. Kila mwanachama ambaye yeye, au mke, au mume, au mzazi wake, ametibiwa moyo au presha katika miezi 12 iliyopita alete vyeti vya dawa, hasa vile vyenye mhuri wa "nunua nje", pamoja na risiti za kemisti. Majina yatafunikwa. Mpeni mwakilishi wa idara yenu, au leteni wenyewe ofisi ya tawi jioni baada ya kazi. Wasiojua kusoma Kiingereza cha vyeti wasione haya. Hata sisi tulihitaji msaada.